Mshono Hula Kitambaa

Makerere, Kampala
11 Februari 1957

Kwa Shangazi Regina,

Shikamoo shangazi. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vema, goti limepungua uvimbe, na nguruwe-mwitu wamekuachia walau nusu ya mihogo. Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio uliochafuka tangu jana alasiri, na aliyeuchafua ni wewe.

Furushi limefika. Nililitambua kabla karani wa posta hajasoma jina langu, kwa maana hakuna mwingine Kenyamonta yote ashonaye gunia la pamba kwa mishono mikubwa na ya hasira kama yako. Nikalikumbatia mbele za watu bila haya. Nilijua ndani yake kuna kabuti la baba. Lingekuwa nini tena? Nilikuandikia mara tu habari za msiba ziliponifikia, zikiwa zimechelewa hata baba amekwisha kuzikwa, kwamba sidai ng'ombe, sidai shamba, sidai hata kigoda alichokalia. Nadai kabuti. Lile alilorudi nalo kutoka vita vya Burma. Lile alilonifunika nalo mvua ilipotukuta njiani, mimi nikiwa nyuma ya baisikeli nakwenda kuanza shule ya bweni. Lile alilolivaa saa sita mchana, jua likipasua mawe, siku aliyonisindikiza melini Musoma, ili, kwa maneno yake mwenyewe, "watu waone kwamba binti huyu ana mwenyewe."

Nikakata uzi, nikamwaga vilivyomo kitandani. Matambara, shangazi! Matambara ya kaki, ya shuka, ya kanga iliyochakaa, na vipande vya sufu vilivyokatwa hovyo kama nyama ya kugombaniwa. Je, hicho ndicho kiasi cha mtoto wa kike katika nyumba aliyozaliwa? Sisi hapa tunasimama majukwaani usiku na mchana kukataa makombo ya meza za wakubwa. Je, nikataliwe mkate Kampala, kisha nirushiwe makombo na wa kwetu?

Kuna kipande kimoja kinachonitia hofu. Ni cha sufu, rangi ya majani makavu, na kifungo cha shaba kinaning'inia juu yake. Nimekigeuza mara nyingi. Niandikie upesi uniambie kwamba ninakosea.

Mimi binti wa kaka yako,
Rhobi

*

Kenyamonta
3 Machi 1957

Kwako Rhobi,

Marahaba. Goti linauma kama desturi yake, asante kwa kuliuliza kabla ya kunitukana. Mvua imeanza. Ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Hukukosea. Hilo ni kabuti la tata yako na nimelikata mimi, asubuhi kweupe, kwa mkasi wa fundi, nikiwa na akili zangu timamu. Sasa acha kupiga kelele, soma.

Wewe ulidai kabuti kama mtu anayedai maji kisimani. Hukuuliza nani amekaa mdomoni mwa kisima. Nguo ya marehemu yenye shingo na mikono, wazee wa ukoo wetu wanaihesabu kama mtu. Haiendi kwa binti, kwa sababu binti kesho ataolewa ataipeleka kwa watu tusiowajua. Inavaliwa na ndugu yake wa kiume. Usinirukie mimi, sikuitunga mimi. Na ndugu wa kiume ni nani? Ni Nashoni, baba yako mdogo wa Tarime, ambaye tangu mazishi anazunguka nyumba hii kama fisi aliyesikia harufu. Angelivaa siku ya kumaliza matanga, basi, ungelitazama likipita.

Lakini matambara? Tangu nizaliwe sijaona wazee wamekaa baraza kuhukumu matambara. Kitambaa kilichokatwa hakina mwenyewe. Kwa hiyo nimekata. Nikachanganya na shuka lake, na kaptula zake za kaki ambazo Nashoni alizidharau, na kanga yangu ya zamani ili upate rangi. Baba yako mzima yumo ndani ya furushi hilo, mpumbavu wewe.

Ushone blanketi. Usichore kitu. Chukua kipande kibaya kuliko vyote, kidogo, chenye kona za ajabu, kiweke katikati. Tafuta kingine kinachokubali kukaa ubavuni mwake. Shona, geuza, ongeza upande wa pili. Kikizidi, kata baada ya kushona, si kabla. Kikipungua, ongeza utepe. Jambo moja ulishike: mshono hula kitambaa. Kila ukiunganisha vipande viwili, upana wa kidole unapotea huku na mwingine kule. Ukisahau hilo utalia.

Nashoni ameniuliza kabuti liko wapi. Nimemwambia panya. Hakucheka.

Shangazi yako,
Regina

*

Makerere, Kampala
9 Aprili 1957

Kwa Shangazi Regina,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa ndama dume. Naomba pia anipe subira, maana akiba yangu imekwisha.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Sikatai kwamba ni ujanja mkubwa. Ningekuwa jaji ningekupongeza; mimi lakini ni mdai, na mdai aliyeporwa hafurahi kuambiwa kwamba mwizi alikuwa upande wake. Umelikata kabuti la baba ili kulikwepa shauri ambalo lilipaswa kupiganwa! Tazama matokeo yake: desturi imebaki nzima, na kilichokatwa ni kabuti.

Hata hivyo nimekutii. Niliazima kwa mwenzangu wa hesabu karatasi yenye miraba. Nikachora blanketi zima, kila kipande na mahali pake, sufu ikipokezana na kaki kama wanajeshi kwenye gwaride. Nikakata miraba sawasawa kwa rula. Nikashona juma zima baada ya mikutano, vidole vikitoboka. Na nini kilitokea? Sufu ni nene, shuka ni jembamba. Nene ikavuta, jembamba likakunjamana, na mistari yangu iliyonyooka karatasini ikapinda kama njia ya kwenda Machochwe. Nilipofika safu ya tatu, blanketi lilikuwa limejikunja kwenye pembe mithili ya sambusa. Wenzangu bwenini wameniuliza kama nashona kofia.

Kazi yoyote ya binadamu ina kanuni. Nyumba ina msingi, hotuba ina mwanzo na hitimisho, nchi itakuwa na katiba. Haiwezekani blanketi pekee likawa jambo la "kipande kinachokubali." Kinakubalije? Kina kinywa? Niandikie kwa utaratibu: kwanza hiki, pili kile. Sitaki mafumbo.

Binti wa kaka yako aliyejichoma sindano,
Rhobi

*

Kenyamonta
20 Mei 1957

Kwako Rhobi,

Marahaba. Sisi hatujambo kidogo. Kuhara kumepita Nyambureti, hapa bado, tunachemsha maji.

Umekata vipande vizuri vya tata yako kwa rula. Mungu anisaidie.

Nikueleze nilivyojifunza mimi. Masista walitupa kila mwanamke kipande cha boksi, mraba, tukate kwa kukifuata. Nikashona kwa boksi lile msimu mzima, blanketi likawa zuri, baridi kama sakafu ya kanisa. Msimu wa pili mbuzi akala boksi. Nililia. Kisha nikaona aibu kwenda kuomba jingine, nikakata kwa macho. Blanketi hilo ndilo ulilolalia mpaka ukaota meno. Kwa hiyo mwalimu wangu ni mbuzi. Wewe una walimu wenye majoho, lakini sikiliza mbuzi.

Hujui kipande kinakubali au hakikubali? Kiweke, ondoka, nenda kateke maji, rudi. Ukirudi, jicho likienda pale pale kama kwenye jipu, kimekataa. Jicho likipita, kimekubali. Sufu usiishonee shuka moja kwa moja, zitagombana. Weka kaki katikati, kaki inavumilia. Mstari ukipinda usiunyooshe, upindishie na jirani yake. Na hiyo sambusa yako, ipasue katikati kwa mkasi, geuza upande mmoja juu chini, uunge tena. Ndiyo, ipasue. Hakuna katiba.

Sasa la maana. Nashoni amenisimamisha nje ya kanisa mbele ya watu. "Regina, panya gani anakula vifungo vya shaba?" Nikamwambia, "Panya wa Tarime, mliowazoea huko kwenu." Watu wakacheka, yeye akakasirika zaidi. Ameenda kwa mzee Simioni, mkubwa wa wazee. Wamesema siku ya kumaliza matanga, mwezi wa nane, nguo zote za marehemu ziletwe uani. Nikiwaonyesha blanketi lililokwisha kushonwa, watanung'unika na watakula. Lisipokuwepo, mimi ni mwizi wa nguo ya maiti, na mwanamke wa namna hiyo hatengewi kigoda katika nyumba ya mtu mpaka afe.

Njoo na blanketi. Blanketi, Rhobi. Lolote, hata likiwa baya.

Shangazi yako,
Regina

*

Makerere, Kampala
6 Julai 1957

Kwa Shangazi Regina,

Shikamoo shangazi! Kama goti lako linaweza kuruka, na liruke.

Nilitaka kukutii. Nilipasua ile sambusa kama ulivyoagiza. Nikatandaza vipande vyote sakafuni nione kipi kitakubali kuwa jirani ya kipi. Nikateka maji, nikarudi. Na niliporudi, shangazi, jicho halikwenda kwenye jipu lolote. Liliona bega. Kipande cha sufu kilicholala karibu na dirisha kilikuwa bega la kushoto la baba, nacho chenye kifungo kilikuwa kifua chake. Kola ulikuwa umeikata mara tatu, lakini kingo zake bado zilifahamiana. Je, ningeona bega la baba yangu nilifanye kona ya blanketi?

Nimelishona upya. Kabuti. Nimeliunga kipande kwa kipande kwa cherehani ya mlezi wetu wa bweni. Palipokosekana sufu nimetia kaki, palipokosekana kaki nimetia kanga yako. Lina shingo, lina mikono, lina mfuko mmoja wenye vumbi la tumbaku bado ndani yake. Limepungua kidogo, ni kweli, kwa sababu ya ile mishono uliyoniambia. Lakini nimelivaa mbele ya kioo, na mabega yake yameshuka juu ya mabega yangu kana kwamba baba alinipima kabla ya kufa.

Sasa nakuambia nitakalolifanya. Sitaingia uani na blanketi chini ya kwapa kama mchuuzi wa magendo. Nitaingia nimelivaa. Nitasimama mbele ya mzee Simioni na kusema: hili ni la baba yangu Heche, nami ni wa Heche. Haki inayopatikana kwa kujificha ndani ya matambara ni haki gani? Leo tunaikwepa desturi kwa mkasi. Kesho binti mwingine asiye na shangazi mwenye mkasi atafanyaje? Ni lazima mmoja wetu aingie kwa mlango wa mbele.

Nimeomba ruhusa chuoni. Nitafika siku mbili kabla. Usiogope.

Binti wa Heche,
Rhobi

*

Kenyamonta
19 Julai 1957

Rhobi,

Marahaba. Wote wazima. Sina nafasi ya salamu.

FUMUA.

Nilimtoa mtu kwenye mikono ya wazee kwa kumfanya matambara, wewe umekaa huko na cherehani ya watu umemfanya mtu tena! Unamleta mwenyewe kwa miguu yako! Hata mbuzi yule hakunitenda hivi.

Huo mlango wa mbele unaousema, mimi nimekaa nao miaka yote, najua unafunguka kuelekea wapi. Na huyo binti mwingine asiye na shangazi, mlete hapa nimkatie na yeye.

Fumua mikono tu. Ukifumua mikono inatosha, litakuwa kitu kisichojulikana. Nampa Athanas, dereva wa lori la pamba, barua hii aitie posta ya Kisumu ifike upesi. Ukiipata njiani, fumua ndani ya basi.

Shangazi yako anayetetemeka,
Regina

*

Makerere, Kampala
27 Agosti 1957

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama. Mimi mzima.

Niliondoka bila kuaga na naomba radhi kwa hilo peke yake. Nisingeweza kubaki nikala nyama ya kichuri pamoja na watu walionivua nguo.

Barua yako niliipata kabla ya kuondoka Kampala, usidhani ilipotea njiani. Sikufumua kwa sababu sikutaka kufumua. Nilikuwa na hotuba. Umeisikia, haikuwa hotuba mbaya. Nilipowauliza wazee nani alimfulia baba nguo zake, nani alimsomea barua za serikali, kwa ajili ya nani aliuza ng'ombe wakati majirani walimcheka kwamba anasomesha mke wa mtu mwingine, nilimwona mzee Simioni ameinamisha kichwa. Niliona wanawake nyuma ya ghala wameacha kupepeta. Kwa pumzi moja nilidhani mlango umefunguka.

Kisha akainua kichwa. "Mwanangu, umesema vizuri. Kabuti lina mikono?" Nikasema lina mikono. "Lina shingo?" Lina shingo. "Basi umetuletea ndugu yetu. Tunakushukuru. Mvue."

Tunakushukuru! Na baba mdogo Nashoni akanyoosha mkono wake bila hata kunitazama machoni. Nikalivua mwenyewe ili asiniguse, nikaondoka, nikaenda kwa miguu mpaka barabara kuu.

Sema sasa. Sema kwamba uliniambia. Sema habari za mbuzi. Nakuachia nafasi yote ya karatasi iliyobaki. Sitashona tena kitu chochote katika maisha yangu, hata kifungo.

Rhobi

*

Kenyamonta
15 Septemba 1957

Kwako Rhobi, binti wa kaka yangu,

Marahaba. Goti halijambo. Nimekaa nalo juani huku nakuandikia, na nacheka, karatasi inatikisika, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Ungebaki. Ee mtoto, ungebaki walau mpaka nyama iive! Una haraka kama moto wa nyasi. Nilikukimbilia mpaka kwenye mkonge, goti likanigomea.

Nashoni akalivaa. Halikutaka kuingia. Akaingiza mkono mmoja, mwingine ukabaki nyuma kama bawa la kuku. Wanaume wawili wakamsaidia kuusukuma ndani. Mzee Simioni akasema, "Nashoni, umenenepa?" Akasema, "Si mimi, ni baridi ya mwaka huu." Akafunga kifungo kimoja, akawa hapumui. Basi, ikafika wakati wa kubariki nyumba ya marehemu. Unajua ndugu wa marehemu husimama mlangoni akainua mikono yote miwili juu.

Akainua.

Mshono wa mgongo ulianza. Ulilia kama mbuzi anayechinjwa. Kisha makwapa. Kisha mkono wa kushoto ukaondoka kabisa ukaanguka ndani ya pombe ya mtama. Yeye bado mikono iko juu, hawezi kuishusha kabla baraka haijaisha, na kabuti linamtoka kipande kwa kipande mbele ya ukoo mzima. Bernadetha wa ng'ambo akasema kwa sauti, "Nashoni, kaka yako amekukataa!" Wanawake tukalala chini. Mzee Simioni mwenyewe alijifuta machozi kwa kofia.

Kisha akaona lazima aseme neno la mzee. "Nguo iliyokataa mabega haikuwa nguo. Tulichokipokea kwa yule binti kilikuwa matambara, na matambara hatuhukumu." Akatafuna kwanza. "Lakini yeye lilimkaa. Hilo nimeliona. Wote mmeliona." Nakuandikia hilo neno la mwisho kwa sababu ni la kwako, si langu. Sikulipata kwa mkasi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa. Niliokota vipande. Mkono uliolowa pombe haukuwemo. Nilijua nani anao. Sikwenda kuudai. Siku nyingi zimepita, juzi asubuhi Nashoni amekuja mwenyewe kutoka Tarime, amesimama mlangoni, mkono ule umefuliwa na kukunjwa. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Akasema, "Yule mtoto wako mkali akishona blanketi, litakuwa kubwa?" Nikamwambia mshono hula kitambaa. Akasema, "Nilidhani kabuti litanuka kama kaka. Tulilala chini ya ngozi moja tangu utoto." Kisha akaondoka kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemlazimisha kusema.

Athanas analeta furushi. Vipande vyote vimo. Usishone kama hutaki. Lakini umeapa kwamba hutashona hata kifungo, na nakujua, kifungo cha sketi yako kitakatika kabla ya Krismasi.

Shangazi yako,
Regina

*

Makerere, Kampala
30 Novemba 1957

Kwa Shangazi Regina,

Shikamoo shangazi. Natumaini wewe, goti na ndama mnaendelea vema. Kifungo kilikatika mwezi wa kumi. Naomba tusilizungumzie.

Kwanza niseme neno langu kabla sijalainika. Haki iliyokuja kwa sababu mshono umepasuka si haki, ni bahati. Ningalitaka mzee Simioni aseme "lilimkaa" kabla ya kunivua, si baada ya Nashoni kupasukiwa. Siku moja nitarudi uani pale na hotuba ileile. Usiniandikie kunikataza.

Sasa habari za blanketi, ambalo limenitesa kuliko mtihani wowote. Nilianza na kipande kibaya, kona ya mfuko iliyokatwa vibaya na mkasi wako. Nikamwekea kaki. Akakubali. Kisha kanga, akakataa, nikaenda kwenye mkutano, nikagombana na mwenyekiti, nikarudi, bado amekataa. Nikaweka utepe wa shuka kati yao, wakanyamaza wote wawili. Nilikasirika kila jioni. Kila nilipopanga vipande vitatu mbele, cha kwanza kilinikatalia vingine vyote. Ikanibidi nishone kimoja, nitazame, nishone kimoja, kama mtu anayevuka mto ambao mawe yake hayaonekani mpaka mguu uguse. Inaudhi! Ni namna ya kufikiri isiyo na heshima kwa anayefikiri. Na bado, shangazi, halikujikunja. Limelala sakafuni tambarare, limepinda kila mahali na halijakunjamana popote. Mlezi wa bweni aliuliza mchoro wake uko wapi. Nilimjibu kwa ukali kwamba hakuna. Nikashangaa nimelisema kwa majivuno.

Mkono wenye harufu ya pombe nimeutia pembeni, haukukubali kukaa kwingine.

Nililimaliza Jumapili, nikalilalia usiku mmoja. Na usingizi haukuja, kwa sababu ya yule mtu. Kwa nini uliniandikia ile habari ya ngozi moja? Nilikuwa nimekwisha kumchukia vizuri, kwa hoja zilizopangwa. Alininyooshea mkono bila kunitazama. Nami sasa najua kwa nini hakutazama, na sikutaka kujua.

Asubuhi nikatwaa mkasi. Lile la kwanza, la karatasi yenye miraba, lingekatwa lingekufa, kwa maana lilikuwa na katikati yake na mipaka yake. Hili halina katikati. Nimelipasua kwa macho, bila rula, toka upande hadi upande, nikapinda kingo. Yametoka mablanketi mawili na hakuna hata moja linaloonekana nusu.

Lenye mfuko nimebaki nalo. Lenye mkono nalituma kwa Athanas. Mwambie baba mdogo kwamba sijamsamehe kwa yale ya uani. Mwambie lina pombe kidogo.

Binti wa kaka yako,
Rhobi

*

Kenyamonta
12 Januari 1958

Kwako Rhobi,

Marahaba, mwanangu. Tumeuanza mwaka hatujambo. Mihogo imeliwa yote.

Nimempelekea Nashoni mwenyewe, kwa miguu na goti hili, mpaka ng'ambo ya mto Mara. Nilimpa ujumbe wako kama ulivyousema, pamoja na ule wa uani. Akasema, "Ana haki." Kisha akalifunua, akalinusa, akageuka akaangalia ng'ombe kwa muda mrefu. Nikadhani yamekwisha, nikaomba maji ya kunywa.

Hayajaisha. Mtu huyu hana shukrani. Ameanza kuligeuza huku na huku. Mara halimfiki miguuni. Mara pale pana kanga, mwanamume atalalaje na kanga. Mara kwa nini mfuko umekwenda Kampala, kaka yake alikuwa akimpa tumbaku kutoka mfuko ule ule. Nimemwambia, Nashoni, mimi nimechoka na wewe na huyo mwenzako wa Makerere, mmefanana kama mmetoka tumbo moja, kila mmoja anadai. Kama ni fupi, liongeze. Mfuko utajikatia katika suruali yako mwenyewe.

Akaniuliza mtu anaanza na kipande gani.

Nikamwambia kilicho kibaya kuliko vyote.

Ameingia ndani, ametoka na kaptula yake ya kaki iliyochanika. Ameomba sindano.

Shangazi yenu,
Regina